Baba anawekewa pleti na skrubu shingoni, kwanini wanapita kwa mbele?

Binti mmoja kaniandikia, nafupisha swali lake lakini maneno ni yake: "Shikamoo dokta. Baba yangu ana miaka 52, wiki iliyopita alianguka toka kwenye mwembe kwetu Muheza akatangulia kichwa. Sasa hivi kalazwa Dar, CT skani inasema C5 imeteleza juu ya C6 pande zote mbili. Walimfunga chuma kichwani wakaning'iniza mawe, wakasema mfupa umerudi. Vidole vya miguu anavicheza kwa mbali, mikono haina nguvu ya kushika, mkojo anatolewa kwa mpira. Wanataka wamfanyie opareshen mbele ya shingo, watoe diski, wachukue mfupa nyongani alafu wamuwekee pleti na skrubu nne. Mjomba kakataa kusaini, anasema kumpasua mtu koo ni sawa na kumchinja, kwanini wasipite nyuma ambako ndiko mfupa uliko, na kuna daktari mwingine kwenye raundi nae alitaja nyuma. Skrubu hazitagusa mishipa ya fahamu? Vyuma vitatolewa lini? Baba ni mtu wa swala, ataweza kugeuza shingo kutoa salamu? Na je, atatembea?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana wote mnaomuuguza, najua kipindi kama hiki hata usingizi hamna. Nianze na jibu la mkato alafu nieleze: kupita mbele kwa hali uliyonieleza sio kosa wala sio majaribio, na mimi ningekuwa pale kitandani na mambo yako kama ulivyoandika ningepita hukohuko mbele. Ila kuna kitu kimoja naomba ukishike kabla ya vyote maana kinajibu nusu ya maswali yako. Pleti na skrubu haziponyeshi shingo. Kazi yake ni kuishika itulie wakati C5 na C6 zinaungana zinakuwa mfupa mmoja, na huo mfupa ndio utakaobeba kichwa cha baba miaka yote iliyobaki. Umeona mafundi wakimwaga zege la juu, wanaweka mirunda chini kushikilia mpaka likomae? Ndio hiyo, tofauti ni kwamba mirunda yetu tunaiacha ndani.

Sasa tuone kilichotokea shingoni. Shingo ina pingili 7, tunaziita kwa herufi C na namba kuanzia juu kwenda chini, C1 mpaka C7. Kila pingili (ukiacha mbili za juu ambazo zina umbo lake) ina kigogo kwa mbele kama kipande cha muwa, na kati ya kigogo na kigogo kuna diski, yaani kama mto laini unaozuia mifupa isisagane, halafu nyuma ya kigogo kuna pete ya mfupa ambayo ndani yake unapita ugwe, yaani ule uzi mnene wa mishipa ya fahamu unaoshuka toka kwenye ubongo. Tundu lenyewe kwa mtu mzima ni kama milimita 17 hivi toka mbele kwenda nyuma na ugwe una unene wa karibu kidole chako kidogo, kwahiyo nafasi ya kuchezea hapo hamna. Pembeni kwa nyuma, kulia na kushoto, kuna viungo vidogo ambavyo mfupa wa juu unalalia mfupa wa chini vilevile kama bati linavyolalia bati kwenye paa. Baba alipoangukia kichwa shingo ikakunjwa kwa nguvu kwenda mbele, kano za nyuma zikachanika, lile bati la juu likaruka likaenda kukaa mbele ya bati la chini na kujifunga hapo. Ikitokea pande zote mbili kigogo cha juu kinasogea mbele karibu nusu ya upana wa kigogo cha chini, na ugwe uliopo ndani unabanwa kama mpira wa maji uliokunjika.

Ndio maana walimning'inizia mawe. Kile chuma kinashika fuvu juu kidogo ya masikio, mgonjwa anakuwa macho kabisa, tunaanza na kilo 4 au 5 tunaongeza kidogokidogo, kila tukiongeza tunamuuliza "mzee unasikia ganzi mpya?", tunamwambia acheze vidole, tunapiga eksirei, tunaongeza tena. Lazima awe macho kwasababu yeye mwenyewe ndio kipimo chetu, akisema mkono umezidi kufa ganzi tunasimama palepale. Yakirudi mabati kwenye nafasi yake ugwe unapata nafuu hapohapo, na hii ni hatua kubwa ambayo baba ameshaivuka, mshukuruni Mungu na mwambieni mjomba pia. Lakini kurudi sio kukaa. Kano zimechanika, hazijirudii kama zilivyokuwa, na diski ya kati yake imeharibika, ukitoa mawe leo akainuka kukaa ule mfupa unaweza kuteleza tena kesho. Hapo ndio pleti inapoingia.

Kwanini mbele. Sababu ya kwanza ni diski. Kwenye ajali ya aina hii diski ya C5-C6 inachanika na mara nyingi kipande chake kinasukumwa nyuma kuelekea kwenye ugwe. Diski iko mbele ya ugwe. Ukipita nyuma unakutana na ugwe kwanza, na ugwe wa shingoni hausukumwi pembeni ili upate njia ya kufikia kilicho nyuma yake, ukiusukuma umemlemaza mtu. Ukipita mbele unaifikia diski moja kwa moja, unaitoa yote, ugwe unabaki huru, alafu pale ilipokuwa unaweka mfupa. Sababu ya pili, anafanyiwa akiwa amelala chali, hakuna kumpindua kifudifudi mtu ambaye shingo yake haijashikwa na kitu. Ya tatu, njia ya mbele haichani misuli mikubwa, damu inayopotea ni kidogo, na kidonda cha mbele kinaota usaha mara chache kuliko cha nyuma.

Na hapa nimjibu mjomba, maana hofu yake naielewa na sio yeye peke yake, wazee wengi wananiambia hivohivo. Anayechinja anakata koo la hewa, anakata umio na anakata mishipa ya damu, na lazima avikate ndio kichinjo kitimie. Sisi tunapita katikati ya hivyo vitu bila kukata hata kimoja. Mwambie mjomba aweke kidole chini ya kikoromeo chake, atakutana na pete ngumu, hiyo pete iko usawa wa C6. Sasa asogeze kidole pembeni kidogo atausikia mshipa mkubwa wa damu unapiga. Kati ya ile pete na ule mshipa kuna uwazi wenye utando mwepesi tu, na ndio njia yetu. Ngozi inakatwa sentimita 4 hivi, kwa kulala, kufuata mikunjo ya shingo, unakata na ule msuli mwembamba kama karatasi ulioko chini ya ngozi, baada ya hapo unaweka kisu chini na kazi inakuwa ya kidole. Unausikia mshipa unadunda unausogeza upande wa nje, koo la hewa na umio vinakwenda upande wa ndani, utando unaachia wenyewe taratibu, na ghafla kidole kinagusa kitu kigumu, laini kama jiwe la mtoni, hapo umefika mbele ya uti wa mgongo. Njia hii waliieleza Smith na Robinson wa Johns Hopkins kule Marekani miaka ya 1950, na mwaka 1958 Cloward wa Honolulu nae akatoa ya kwake inayofanana nayo. Ni karibu miaka 70 watu wanapita hapo kila siku duniani kote.

Baada ya kufika, kitu cha kwanza sio kuchimba, ni kuhakikisha uko pingili sahihi. Tunachomeka sindano kwenye diski tunayodhani ndio yenyewe tunapiga eksirei palepale mezani, kwasababu ukiwa ndani pingili zinafanana na kukosea namba moja ni rahisi mno. Ikishajulikana ni C5-C6 diski inatolewa kipande kipande, ukikaribia nyuma unatumia hadubini au miwani ya kukuza maana hapo umebaki na utando tu kabla ya ugwe. Kisha unakwangua uso wa chini wa C5 na uso wa juu wa C6. Hapa vijana wangu huwa nawasumbua sana. Nataka kuona vijitone vya damu vinatoka kwenye mfupa wenyewe, kama jasho, bila kuuchimba mpaka ukawa laini. Usipokwangua mfupa hauungi kwasababu gegedu limebaki katikati, ukikwangua kupita kiasi kipande ulichoweka kinadidimia ndani kama mguu wa meza kwenye tope na shingo inapinda. Pleti hata iwe ya bei gani haiwezi kurekebisha kosa la hapo.

Kile kipande cha nyonga kinachongwa kitoshe uwazi ule, kinagongwa polepole mpaka kikae kimebana, na kinatakiwa kibanwe kweli, mfupa unaungana ukibanwa. Kuna sehemu wanatumia kikopo kidogo cha titani au cha plastiki ngumu kilichojazwa unga wa mfupa badala ya nyonga, ni kizuri na kinamuepusha mgonjwa na kidonda cha pili, ila kinaongeza gharama na mfupa wa mtu mwenyewe unaungana vizuri sana, kwahiyo kuambiwa nyonga msione mmepewa cha chini. Jiandaeni tu kwamba siku za kwanza nyonga inaweza kumuuma kuliko shingo.

Sasa skrubu, swali lako kubwa. Pleti ya shingo ni kitu kidogo, wengi wakiiona wanashangaa, unene wake milimita 2 na kidogo, ikiwa ya pingili mbili inalala kwenye kidole gumba. Inakaa mbele ya vigogo, ina matundu mawili juu kwa C5 na mawili chini kwa C6. Skrubu ina unene wa kama milimita 4 na urefu wa milimita 14 au 16, na kigogo chenyewe kina kina kinachozidi hapo, daktari anapima kwenye CT kabla hata ya kuingia thieta. Drili inayochimba tundu ina kizuizi, ikifika milimita 14 inagota, hata mkono ukiteleza haiendi zaidi. Kwahiyo skrubu inaishia ndani ya mfupa na kati yake na ugwe kunabaki ukuta wa nyuma wa kigogo. Zinaingia zikielekeana kidogo kwa ndani, mbali na ule mshipa wa damu unaopanda pembeni ya pingili kwenda kwenye ubongo, za juu zinaelekea juu kidogo na za chini zinaelekea chini.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kufunga shingo kulianzia nyuma, mwaka 1891 huko Texas daktari Hadra alifunga miiba ya nyuma ya pingili kwa waya. Pleti za mbele zilianza miaka ya 1960 na Böhler wa Austria, alafu miaka ya 1980 mwanzoni Caspar wa Ujerumani akaja na pleti ambayo skrubu zake ilibidi zitoboe mpaka ukuta wa nyuma ili zishike, yaani ncha inatokea upande wa ugwe, kazi iliyotaka eksirei muda wote na roho ngumu. Kilichobadilisha mambo ni wazo la Morscher na wenzake wa Uswisi miaka hiyohiyo ya 80, kichwa cha skrubu kikajifunga kwenye pleti yenyewe. Skrubu ikishafungwa kwenye pleti haiwezi kurudi nyuma na haihitaji tena kutoboa ukuta wa nyuma ili ikae imara. Jambo dogo la kifundi lakini ndio linalofanya nikujibu leo kwa utulivu kwamba nafasi ya skrubu ya mbele kugusa ugwe, kwa mtu anayejua kazi, ni ndogo sana.

Kitu kingine ambacho mnaweza kukiangalia wenyewe kwenye eksirei ya baada ya opareshen, pleti isiwe ndefu mpaka ikakaribia diski ya juu au ya chini. Inapendeza ibaki kama milimita 5 au zaidi, ikikaribia sana mfupa unaota mbele ya hiyo diski ya jirani ambayo haina tatizo na kuiharibu.

Alafu yule daktari aliyetaja nyuma hakukosea, msimuone kama anabishana na mwenzake. Kwenye jeraha la baba kilichochanika zaidi kiko nyuma, na ukipima kwa nguvu tupu za mashine ufungaji wa nyuma unashika kwa nguvu kuliko pleti ya mbele kwa jeraha la aina hii. Huko nyuma skrubu haziingii kwenye kigogo, zinaingia kwenye yale matofali mawili ya mfupa yaliyo pembeni kati ya viungo vya juu na chini, na nondo nyembamba inaziunganisha. Roy-Camille wa Paris ndiye aliyeanzisha, miaka ya 1970, anaingia katikati ya tofali anaelekea mbele moja kwa moja na kutoka nje nyuzi 10. Magerl wa Uswisi akabadilisha, anaanzia ndani na juu kidogo ya katikati, anatoka nje nyuzi 25 na anapandisha ncha ifuate mlalo wa kiungo, anapata skrubu ndefu zaidi inayoukimbia mshipa wa damu. Kila daktari ana yake, mimi namfuata Magerl. Njia ya nyuma ni ya lazima kama mabati yamegoma kurudi kwa mawe na hata kwa mbele, kama ugwe umebanwa kwa nyuma au pingili nyingi, na kuna wengine inabidi wafungwe mbele na nyuma, mfano aliyevunjika na kigogo chenyewe, au mwenye mifupa iliyopungua ubora, au wale wazee ambao uti wao umeshagandana kama fimbo moja, hao pleti ya mbele peke yake inang'oka. Kwa baba, mfupa umerudi, tatizo liko pingili moja, ana miaka 52, mbele inatosha. Ila muulizeni daktari wake, "je kwenye CT kigogo cha C6 kimevunjika ukingo wa juu?" kwasababu kikiwa kimevunjika skrubu za chini hazina pa kushika vizuri na hapo mazungumzo ya kuongeza nyuma ni ya haki kabisa.

Swala. Hili swali lako limenigusa kwasababu linaulizwa kwa nadra na lina jibu zuri. Kugeuza uso kulia na kushoto, kama nusu yake yote inafanywa na pingili mbili tu za juu kabisa, C1 na C2, ambapo C2 ina kijiti cha mfupa kimesimama na C1 inazunguka kukizunguka. Hizo za baba ni nzima na hakuna anayezigusa. C5-C6 kazi yake kubwa ni kuinama na kuinuka, nayo inagawana na wenzake. Pingili hii moja ikiungana baba atapoteza kidogo, hasa kuinamisha kidevu kifikie kifua, lakini salamu atatoa kulia na kushoto na ataangalia barabara akitaka kuvuka. Kusujudu asubiri mpaka daktari aone mfupa unashika, kwa sasa aswali kwa ishara kitandani kama mgonjwa yeyote.

Angekuwa ameumia C1-C2 ningekujibu tofauti. Huko kufunga kunachukua nusu ya kugeuka na hakuna namna ya kuizuia. Zamani walizungusha waya na mfupa, njia ya Gallie ya mwaka 1939, na mgonjwa anakaa na kola ngumu au tairi la chuma kichwani miezi. Magerl akapitisha skrubu moja ndefu toka C2 mpaka C1 kila upande, imara mno ila inapita karibu sana na mshipa wa damu. Kisha Goel wa Mumbai na mwenzake Laheri mwaka 1994 wakaandika njia ya kuweka skrubu C1 peke yake na C2 peke yake kisha kuziunganisha kwa pleti, na Harms wa Ujerumani mwaka 2001 akatumia nondo badala ya pleti, na sasa hiyo ndio inafanyika sehemu nyingi. Goel alifanya kazi yake kwenye hospitali ya umma yenye foleni kama zetu, huwa nawaambia vijana hilo.

Vyuma kutolewa: kwa kawaida havitolewi. Titani haipati kutu mwilini, MRI anaweza kupigwa, na kwenye mageti ya uwanja wa ndege mara nyingi haipigi hata kelele. Tunatoa tu ikiwa skrubu imeanza kutoka, au imeota usaha, au inakwaruza umio. Unajua ukikunja waya wa seng'enge huku na huku mwisho unakatika, chuma cha shingoni nacho ni hivohivo, kama mfupa haujaungana kitachoka na kitakatika siku moja, mfupa ukiwahi kuungana chuma kinabaki pale hakina kazi. Ni mbio kati ya mfupa na chuma. Kuungana kunachukua kama miezi 3 mpaka 6, wengine mwaka. Na kinachochelewesha kuliko vyote mnavyoweza kuvizuia nyie ni sigara. Hujaniambia kama mzee anavuta, kama anavuta ndio basi tena, asivute hata moja, nasema hili kwa uzito kwasababu nimeshafungua shingo za watu kwa mara ya pili kwa ajili hiyo.

Madhara nisikufiche. Siku za mwanzo kumeza kutakuwa kwa shida, karibu kila mmoja analalamika kidogo maana umio ulisogezwa, mpeni uji, mtori, vitu laini, na inaisha ndani ya siku au wiki. Sauti inaweza kukwaruza kwasababu mshipa wa fahamu wa sauti uko jirani na njia yetu, wengi inarudi, wachache sana inabaki. Bega linaweza kulegea siku chache baadae hata kama alitoka vizuri, hilo nalo mara nyingi linarudi ingawa linachukua miezi. Umio kutoboka ni nadra ila ni hatari. Na kuna pingili za jirani, juu na chini ya zilizofungwa, ambazo zinabeba kazi zaidi: utafiti wa Hilibrand na wenzake wa mwaka 1999, kwa watu waliofungwa shingo kwa ajili ya diski zilizochakaa, ulikuta kama asilimia 2.9 kwa mwaka wanapata dalili mpya za pingili jirani. Linalonitisha mimi kuliko yote ni usiku wa kwanza. Damu ikivujia ndani shingo inavimba na kuliziba koo la hewa. Atakayelala nae usiku huo aambiwe wazi: shingo ikianza kujaa, sauti ikibadilika, akasema pumzi haiingii au akataka kukaa kwa nguvu, usisubiri asubuhi, piga kelele muuguzi aje sasahivi, hapo ni dakika.

Atatembea? Opareshen hii haishoni ugwe. Inaondoa kinachoubana na kuzuia usiumizwe tena, basi, kinachorudi baada ya hapo kinategemea ugwe uliumia kiasi gani siku ya mwembe. Lakini umeniambia anacheza vidole vya miguu, na hilo neno lina uzito kuliko yote uliyoandika. Maana yake kuna njia bado zinapita. Waulize daraja lake la ASIA ni lipi, ndio kipimo cha ugwe umeumia kiasi gani, A mpaka E. A ni hakuna kitu chini ya jeraha, E ni mzima. Mwenye A nafasi yake ya kutembea ni ndogo mno, anayecheza misuli hata kwa udhaifu tunamweka C au D na hao wengi wanapata kitu cha maana, baadhi wanatembea. Usishangae daktari anapomgusa sehemu ya haja kubwa kuuliza kama anasikia, sio kumdhalilisha mzee, ile ni ncha ya mwisho kabisa ya ugwe na ikisikia inatuambia ugwe haujakatika mawasiliano yote. Ingekuwa vizuri zaidi kama ugwe ungefunguliwa ndani ya saa 24, tunajua wanaowahi wanafanya vizuri zaidi, lakini yeye kurudishiwa mfupa kwa mawe kulikuwa tayari ni kuufungua, kwahiyo msikate tamaa kwa wiki iliyopita, msipoteze tu wiki nyingine mkibishana nani asaini.

Na hilo la kusaini: baba yako ana akili timamu na anaongea. Yeye ndio wa kuelezwa na yeye ndio wa kukubali au kukataa, hata kama mkono haushiki kalamu kuna dole gumba. Muombeni daktari akae nae, mjomba awepo, awaonyeshe CT.

Wakati mnasubiri, asikandwe. Najua kuna watakaokuja na mafuta na maji moto na mikono mizuri ya kunyoosha, shingo hiyo ikinyooshwa mara moja vidole vinavyocheza leo havitacheza tena. Kola isifunguliwe kumuogesha bila muuguzi. Kumgeuza ni watu wasiopungua watatu, mmoja kazi yake kichwa tu, anageuzwa mwili mzima kwa pamoja kama gogo, kila baada ya saa 2, usiku pia, maana vidonda vya kulalia vinaanza ndani ya siku moja na vinaweza kuahirisha opareshen. Na kifua. Misuli ya mbavu zake haina nguvu, anapumua zaidi kwa kiwambo, yaani ule msuli ulio kati ya kifua na tumbo, kukohoa hawezi vizuri, makohozi yakikaa yanakuwa nimonia na nimonia ndio inawachukua wengi wa hawa kuliko shingo yenyewe. Mchukulieni chupa ya maji nusu na mrija, apulize mapovu kila saa akiwa macho, muhesabuni kumi kumi, wajukuu wakija waachieni kazi hiyo.

Gharama: hospitali nyingi za huku familia inaombwa kuchangia pleti. Mkiambiwa, ulizeni kama ni titani na kama skrubu zina mfumo wa kujifunga, na mfuko wa bima au ustawi wa jamii wa hospitali muwaone leo, sio siku ya opareshen. Akitoka thieta salama kesho yake ataanza kukalishwa, kola atavaa kama wiki 6, eksirei wiki ya 6 na mwezi wa 3. Kupanda mwembe, mwambieni hapana, hata vidole vikirudi vyote.

Wakimfanyia niandikie hali ya mikono, hasa kama anaweza kunyoosha kiwiko na kubana vidole, kuanzia hapo nitakuelekeza mazoezi ya kumfanyisha kitandani.